Madeni yameuzidi mshahara, bili za nyumbani nianze kukata wapi?

mtunza_stoo

Wakuu habari za usiku, naombeni ushauri ila matusi wekeni pembeni kidogo maana nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Mimi ni stoo kipa kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, naishi Kivule, mke mmoja watoto wawili wote wako shule ya msingi ya serikali. Mshahara ukishakatwa kila kitu pamoja na mkopo wa benki unaingia 640,000. Mke anauza vitumbua asubuhi, siku nzuri anabaki na elfu tano, tuseme 130,000 kwa mwezi kwa sababu jumapili hauzi. Sasa matumizi yako hivi, kodi ya nyumba 100,000, chakula elfu kumi kwa siku kwahiyo 300,000, umeme 45,000, maji 18,000, mkaa 60,000, nauli yangu 73,000, watoto tuisheni na michango 50,000, king'amuzi 25,000, bando 30,000. Kwenye karatasi inabaki kama 69,000 lakini naapa sijawahi kuiona hata kwa mbali.

Mwaka jana mama aliugua nikakopa benki, haikutosha nikaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kulipa kila siku, kausha damu ikanishinda nikaingia kwenye hizi apu za mikopo ya mtandaoni nilipe kausha damu. Leo nadaiwa: kausha damu nilichukua 200,000 nalipa 9,000 kila siku kwa siku 30, zimebaki siku 12. Apu ziko tatu jumla 310,000. Kikoba cha kazini, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 400,000 riba asilimia 5 kwa mwezi. Na dukani kwa Mangi 74,000. Benki siihesabu maana inakatwa juu kwa juu.

Mke anajua ya benki na ya Mangi tu. Hizo nyingine hajui.

Nimeshaanza kuzima taa mapema na watoto nimewakataza katuni ila naona kama natwanga maji kwenye kinu. Nikate nini kingine?

kichwa_ngumu

Uza friji uza tv hamia Chanika mwisho kodi ni nusu. Mwanaume unadaiwa na Mangi 74,000 hapo dukani unapitaje??

mtunza_stoo

Napita njia ya nyuma mkuu, nazunguka msikitini.

Mhasibu wa Mtaa

Daah hiyo ya kuzunguka msikitini imenichekesha ila na mimi nilishawahi kushuka daladala kituo cha mbele kwa sababu hiyo hiyo kwahiyo sikucheki sana.

Mkuu tatizo lako siyo katuni za watoto. Hebu chukua kalamu. Umeme, maji, mkaa, nauli, king'amuzi na bando, vyote hivyo ukivijumlisha unapata 251,000. Kausha damu peke yake 9,000 mara 30 ni 270,000. Yaani kuna mtu mmoja anapita na pikipiki kila jioni anakula kuliko umeme wako, maji yako, nauli yako na kila kitu, na wewe uko ndani unagombana na balbu.

Alafu usijidanganye kwamba riba yake ni 70,000 kwenye 200,000 kwahiyo asilimia 35. Siyo. Ile hela hukai nayo mwezi, kesho yake tu umeshaanza kurudisha. Siku ya 15 umesharudisha 135,000. Ukipiga wastani wa mwezi mzima umekaa na kama laki moja mkononi na kwa laki hiyo moja umelipa 70,000. Ndo maana ikaitwa kausha damu, aliyeipa jina hakukosea.

Na apu je? Umepokea kiasi gani na unatakiwa kurudisha kiasi gani? Usiniambie kiasi ulichoomba, niambie kilichoingia kwenye simu.

mtunza_stoo

Ile kubwa niliomba 100,000 ikaingia 72,000, wanataka 100,000 kamili ndani ya siku saba. Ikifika siku ya saba nachukua kwenye apu nyingine nawalipa. Nyingine mbili ni hivyo hivyo tu.

Mhasibu wa Mtaa

Sasa hapo 28,000 juu ya 72,000 ni karibu asilimia 39 kwa WIKI. Kikoba chako ni asilimia 5 kwa mwezi. Mangi ni sifuri. Kwahiyo foleni ya kulipa unaiona iko wapi. Apu mbele, kikoba nyuma, Mangi mwisho, na kausha damu unaimalizia siku zake 12 maana hapo riba umeshailipa karibu yote, hata ukiwahisha hawakupunguzii kitu.

Hatari yako ni siku ya 13 kuanzia leo. Siku hiyo yule bwana atakupigia simu kwa sauti tamu kabisa, mteja wetu mzuri, safari hii tunakupa laki tatu. Na wewe siku hiyo mfuko utakua mtupu kwa sababu siku 30 zote ulikua unalipa 9,000 ambayo huna. Usipokua umejiandaa kwa siku hiyo hata ukate umeme wote mkae na kibatari utachukua tu. Bili unazikata ili siku hiyo uwe na kitu, hilo ndo lengo, siyo kutajirika kwa kuzima taa.

Ukifanikiwa kushusha matumizi kwa 138,000 hivi, ukajumlisha na ile 69,000 ya kwenye karatasi, una kama 207,000 kwa mwezi, sawa na 6,900 kwa siku. Huo ndo uwezo wako wa kweli. 9,000 haikua uwezo wako, ulikua unalipa deni kwa deni. Deni lote nje ya benki ni 108,000 ya kausha damu iliyobaki, 310, 400 na 74, jumla 892,000. Hiyo ni miezi mitano mpaka sita kama apu utazifunga mwezi wa kwanza na wa pili. Zikibaki wazi usinifuate.

Fundi Waya

Mimi naongea umeme tu mengine siyajui. 45,000 kwa nyumba ya kupanga ni nyingi, una nini ndani? Na mita ni yako peke yako au mmechangia?

mtunza_stoo

Friji ya mlango mmoja, tv, pasi, feni mbili, chaja. Mita moja wapangaji watatu, tunagawana sawa kwa sawa kila mtu anatoa.

Fundi Waya

Sawa kwa sawa na nani? Jirani zako wanatumia nini? Kuna mmoja anapikia jiko la koili hapo nakwambia bila kufika. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa moja limekula uniti moja na nusu. Uniti kwa bei ya kawaida ni 292 kabla ya VAT na zile tozo, ukiweka zote inafika kama 356. Kwahiyo chungu kimoja cha maharage ya saa mbili kwenye koili ni zaidi ya elfu moja na wewe unamchangia.

Fanya hivi, chagua siku wote mpo, zimeni kila kitu kwenye nyumba nzima mpaka friji chomoeni. Alafu nenda kwenye mita angalia ile taa nyekundu inayopepesa. Ikiwa imetulia sawa. Ikiendelea kupepesa kuna mtu hajazima au kuna waya unaenda sehemu hamuijui. Mimi nilikuta nyumba moja Buza taa inapepesa kila kitu kimezimwa, tukafuata waya nyuma ya choo, unaingia saluni ya jirani, wapangaji wamelipia drai ya watu mwaka mzima. Kama imetulia, basi mwashe mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hesabuni inapepesa mara ngapi kwa dakika. Mtaona wenyewe nani anakula. Mkiweza mfunge mita ndogo kila mlango, gharama mnagawana na mwenye nyumba, kelele zinaisha.

Friji: chukua noti ya buku bana kwenye mlango alafu ivute. Ikitoka laini kama unaichomoa kwenye daftari mpira umekufa, friji inawaka masaa yote. Mpira unabadilishwa siyo lazima ununue friji. Na isogeze kutoka ukutani kiganja kimoja ipumue.

Na kingine watu hawajui, kuna ile bei ya matumizi madogo ambayo uniti ni 100 kabla ya kodi ila mwisho uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi zinapigwa 350. Mita moja ya wapangaji watatu hamuwezi kukaa humo hata mkijinyima, ndo hasara nyingine ya kuchangia. Ile 1,500 ya kila mwezi ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU mkinunua umeme ni deni la mwenye nyumba, ongeeni naye airudishe kwenye kodi ya pango. Ndogo lakini ni haki yenu.

Binti Kisiju

Kaka yangu pole. Mimi nimesoma hiyo elfu kumi ya chakula nikajua hapa pana mtu ananunua kwa kupimiwa. Mafuta ya mia tano mia tano, sukari robo, mkaa wa kopo. Nakosea? Maana mkaa wa elfu mbili kila siku ndo huo 60,000. Anayenunua kidogo kidogo ndo analipa bei kubwa kuliko wote, tena kila siku.

Nikuambie tulivyofanya kwetu Mbande, tulikua na hali kama yako na mume wangu hakua na kazi kabisa. Tukajiunga majirani wanne tukanunua gunia la mkaa tukagawana kwa ndoo, mwezi wa kwanza tu niliona tofauti. Maharage nachemsha mara moja kwa wiki, jumamosi, kilo mbili, nayaloweka usiku kucha yanaiva kwa moto nusu, yakipoa natia kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja kwenye friji juu. Siku ya kazi natoa kifuko, kitunguu nyanya, dakika kumi tumekula. Hapo usikubali kuuza friji kama huyo ndugu anavyosema, friji ukiitumia hivyo inakulipa, na mkeo anaweza kuuza barafu na ubuyu watoto wa mtaani wakitoka shule. Uza tv kama ni lazima. Hizi pressure cooker za umeme ni nzuri kweli, maharage hayali hata uniti moja, lakini siyo sasa hivi, mtu mwenye kausha damu hanunui chombo.

Chakula mshahara ukiingia nenda Temeke Stereo au Buguruni jumamosi asubuhi, chukua mchele, unga, dagaa, mafuta dumu la lita tano, vitunguu na nyanya. Mboga ya majani ndo ununue kila siku. Ukishusha kutoka 10,000 kwenda 8,000 kwa siku hiyo ni 60,000 umeokoa na hamtalala njaa. King'amuzi kate, 25,000 hiyo, Simba na Yanga utaangalia kibanda umiza. Bando la 30,000 unafanya nalo nini, weka 12,000. Mkaa elfu ishirini inashuka. Umeme Fundi ameshasema, tuseme 15,000 inashuka. Hesabu hapo.

Na Mangi usimuweke mwisho kama anavyosema Mhasibu. Riba sifuri ni kweli lakini Mangi ndo benki yako ya dharura, siku mtoto ana homa saa tano usiku hakuna kikoba kitakachokufungulia mlango. Nenda mchana kweupe, siyo kwa njia ya nyuma, mpe elfu kumi mwambie kila jumamosi nitaleta elfu tano. Atakuandikia kwenye lile daftari lake mbele ya watu na utatoka umenyooka.

La mwisho ndo kubwa. Mwambie mkeo. Unataka kupunguza chakula kwenye nyumba ambayo mpishi hajui kwanini? Ataona umekua bahili au una mchepuko Gongo la Mboto.

Mhasibu wa Mtaa

Ya Mangi nimekubali dada yangu, umenishinda. Hizo za kwako nimejumlisha zinatoka 138,000, na ukiongeza ile 69 ndo 207 yenyewe.

kichwa_ngumu

Kumwambia mke ni kujimaliza. Lipa kimya kimya yaishe.

Binti Kisiju

Wewe kula kwenu.

ngosha wa ubao

Mimi ni mwalimu naomba niongezee kwenye hizo apu maana ziliniadhiri. Sisi walimu hata tukikopa vipi angalau kuna utaratibu kwamba makato yasiguse theluthi moja ya mshahara, na mimi bodi ya mikopo ya elimu ya juu inanikata asilimia 15 kila mwezi hapo hapo. Apu haijui theluthi. Inakuja kwenye kilichobaki.

Kwanza angalia kama hao waliokukopesha wana leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni wala idhini yao, orodha ilitangazwa wazi. Mbili nilizokua nadaiwa zilikuwemo. Na kwa hawa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na hiyo 39 ya wiki ya Mhasibu.

Nilichofanya mimi siwezi kusema ndo sheria, ila niliacha kukopa huku nilipe kule, nikawaandikia kwamba nimepokea kiasi hiki, nitarudisha kiasi hiki kwa awamu tatu, nikatuma kwa awamu na nikatunza kila meseji ya muamala. Simu zilipigwa mpaka kwa mwalimu mkuu. Walituma meseji kwa watu kwenye simu yangu wakisema mimi ni tapeli, shemeji yangu wa Sengerema akapata, fundi cherehani akapata. Hapo ndo nikajua siku naiweka ile apu nilibonyeza kukubali isome majina yote. Kwahiyo leo leo ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya majina, picha na meseji, alafu ndo uifute, ingawa walichokichukua wameshachukua. Meseji za kukudhalilisha piga picha utunze. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo inapokea malalamiko.

Kuna mtu atakuja kukwambia mkeo akachukue mkopo wa halmashauri ule usio na riba. Ni kweli upo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake asilimia nne vijana nne wenye ulemavu mbili, ulisimama 2023 ukarudi 2024. Lakini ni wa kikundi na ni wa biashara. Akiingia na wenzake wa vitumbua kwa ajili ya vitumbua sawa. Ukiuchukua kulipa kausha damu umewaingiza wanawake wa watu kwenye shimo lako.

mtunza_stoo

Wakuu nashukuruni sana, nasoma kila kitu naandika kwenye daftari la stoo. Jumapili ntazima mita.

Kikoba nimeongea na katibu leo, kasema kamati inaweza kuniruhusu nilipe riba tu 20,000 kwa miezi miwili alafu ndo nirudi kwenye mtaji, ila niandike barua. Barua ya kikoba cha watu kumi na nane jamani haya.

Ya mke naisogeza kidogo.

mtunza_stoo

Narudi na mrejesho maana kuna walioniuliza inbox.

Mita tulizima. Hakuna saluni hahaha. Lakini jirani wa chumba cha mwisho alipowasha vitu vyake taa ikawa kama inatetemeka, Fundi uliona mbali, jiko la koili na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Hakubisha hata, kasema atakua anatoa nusu ya bili sisi wawili tunagawana nusu. Noti ya buku ilitoka kwenye friji bila hata kuivuta, ilidondoka yenyewe.

Sasa jana usiku nikaamua. Watoto wamelala, nimekaa kitandani nimeandaa maneno tangu kwenye daladala. Nikaanza na kausha damu. Mke wangu alikua anakanda unga wa vitumbua, hakuacha kukanda. Nikamaliza kausha damu nikaingia kwenye apu, ya kwanza, ya pili. Nilipofika ya tatu akafuta mikono kwenye khanga akachukua simu yake akanipa, akaniambia soma. Meseji ya mwezi wa saba. Mfahamishe ndugu fulani alipe deni lake kabla hatujachukua hatua. Majina yangu yote matatu. Ziko sita za namna hiyo.

Miezi minne alikua anajua. Nikamuuliza mbona hukuniambia akasema nilikua nasubiri nione utanidanganya mpaka lini, alafu ndo akalia, na mimi nikalia.

Asubuhi hii kaniambia ana mchezo wa kupeana hela kwa zamu na wanawake wenzake sokoni, elfu mbili kwa siku, zamu yake inakuja wiki mbili zijazo, 240,000. Hiyo elfu mbili alikua anaitoa kwenye ile elfu kumi ya chakula na mimi nilikua nalalamika mboga imekua ndogo. Kasema zitaenda kwenye apu zote tatu ila simu yangu inakaa kwake mpaka mwezi wa tatu. Hapa naandikia ya kazini.

Mhasibu, kausha damu zimebaki siku nne. Yule bwana ameshaanza kunipigia kwa ile sauti uliyosema. Simu anapokea mke.